Nyuma ya Kicheko Yuko Mfanyakazi

Tuna desturi ya kumkumbuka mchekeshaji na kumsahau mtunzi. Mtu hukaa na watoto wake mbele ya televisheni jioni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kesho yake kazini akawasimulia wenzake namna mwigizaji fulani alivyotembea, alivyokunja uso na alivyomjibu mkewe. Hatasema hata mara moja kwamba maneno yale yalitungwa na mtu aliyejifungia chumbani, akafuta mistari kumi ili abakize mmoja. Mwigizaji ana sura, ndiyo maana tunamjua. Mtunzi hana sura. Lakini asiye na sura naye anakula, anavaa, analipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto, na kwa hiyo habari za kazi yake zinatuhusu sisi sote tunaoishi kwa jasho letu.

Nasema haya kama mtu aliyewahi kuionja kazi hiyo kwa ncha ya ulimi. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na jioni nilikitungia vichekesho kikundi cha sanaa cha wafanyakazi wenzangu. Sikuwa mtunzi wa kuandikwa vitabuni. Hata hivyo, tangu siku hizo nimekuwa na hamu ya kujua maisha ya watu walioitegemea kazi hiyo kwa chakula cha kila siku, na kati ya wote ambao nimesoma habari zao hakuna walionigusa kama Waingereza wawili, Ray Galton na Alan Simpson. Hawakutoka katika nyumba za mabwana, wala hawakupita chuo kikuu. Na takriban kila walichokitunga kilihusu jambo ambalo familia ya mjini inalijua vema: watu waliobanana mahali pamoja, wasioweza kupatana wala kuachana.

Simpson alizaliwa London mwaka 1929, na Galton katika jiji hilohilo mwaka 1930. Galton alipotoka shule alipata kazi katika chama cha wafanyakazi wa usafirishaji. Simpson alikuwa karani katika ofisi ya mambo ya meli. Walikuwa vijana wa kawaida, wa kuamka alfajiri na kuwahi basi. Kisha kila mmoja, kwa wakati wake na bila kumjua mwenziwe, akashikwa na kifua kikuu.

Siku hizo ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu wengi, na dawa ya streptomaisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutumika. Kwa wagonjwa wengi tiba ilikuwa ni kulala: kulala miezi, pengine miaka, madirisha yakiwa wazi ili wavute hewa safi. Wasomaji waliowahi kumuuguza ndugu katika hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro, wanajua maana ya kutengwa na watu wako kwa sababu ya kifua. Hali ya Simpson ilifika pabaya hata akasomewa sala za mwisho. Galton naye alionekana kuwa mtu asiye na siku nyingi. Basi mwaka 1948, wakiwa na umri wa miaka 18 hivi, walikutana katika hospitali ya Milford, kusini magharibi mwa London.

Mgonjwa aliyelazwa muda mrefu hana kazi ila kusikiliza. Husikiliza wenzake wakigombana juu ya dirisha, muuguzi akiburuza viatu, mzee wa kitanda cha pili akisimulia kisa kilekile kwa mara ya arobaini. Tena palikuwa na redio. Vijana hawa walikuwa wakiisikiliza stesheni ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ulaya, ambayo ilikuwa ikirusha vichekesho vya kwao. Hospitali ilikuwa na redio yake ndogo iliyoendeshwa na wagonjwa wenyewe, na mwaka 1949 Galton na Simpson wakaanza kuitungia michezo mifupi. Wasikilizaji wao walikuwa watu waliolala chali, wengine wakijua hawatatoka wazima. Kumchekesha mtu wa namna hiyo si mzaha. Nadhani ndipo walipojifunza kwamba kicheko si lazima kitokane na furaha. Mara nyingi hutokana na mtu kuyatambua maisha yake mwenyewe yanaposemwa na mwingine.

Walipotoka hospitali waliwaandikia barua watunzi wawili mashuhuri wa redio, Frank Muir na Denis Norden, wakiomba shauri. Wakaelekezwa kupeleka mswada kwa Gale Pedrick, aliyeshughulikia miswada katika shirika la utangazaji la BBC, na mwaka 1951 wakaanza kulipwa kwa utunzi. Katika kazi hizo za mwanzo walikutana na mchekeshaji Tony Hancock, na tarehe 2 Novemba 1954 mchezo wao wa Hancock's Half Hour ukasikika redioni kwa mara ya kwanza.

Napenda msomaji aelewe ni jambo gani jipya walilolifanya. Vipindi vingi vya kuchekesha vya wakati ule vilikuwa mchanganyiko: mzaha kidogo, wimbo, mgeni, mzaha tena. Galton na Simpson walitaka nusu saa nzima isiyo na wimbo wala mzaha wa kuokoteza, nusu saa ya mtu mmoja mwenye tabia yake, aliyewekwa katika hali fulani na kuachwa ahangaike nayo. Hancock waliyemtunga ni mtu anayejiona mkubwa kuliko alivyo. Anadhani ulimwengu umemnyima haki yake, hali ulimwengu haumfahamu kabisa. Ni nani asiyemjua mtu huyo? Kila ofisi inaye mmoja, na kila ukoo.

Mwaka 1958 walitunga mchezo wa redio kuhusu alasiri ya Jumapili ambayo watu wamekaa nyumbani, mvua inanyesha, na hakuna la kufanya. Hakuna kisa kingine. Watu wanapiga miayo, wanaulizana saa, wanasoma gazeti walilokwisha kulisoma, na msikilizaji anavunjika mbavu kwa kuwa naye amekaa hivyohivyo. Mwaka 1961, wakati huo wakiwa katika televisheni, walitunga The Blood Donor, mchezo wa mtu aliyekwenda kujitolea damu kwa majivuno makubwa. Anapotobolewa kidole ili damu yake ipimwe, anadhani ameshamaliza wajibu wake kwa taifa. Anapoambiwa kiasi kinachotakiwa hasa, ujasiri wote unamtoka. Mwishowe anajikata na kisu cha mkate, na ile damu aliyoitoa inarudi katika mwili wake mwenyewe.

Mchezo huo unasifiwa hadi leo kama kilele cha Hancock. Lakini siku chache kabla ya kuurekodi alikuwa amepata ajali ya gari, akashindwa kukariri maneno. Ikabidi yaandikwe makubwa na kuwekwa kando ya kamera ili ayasome. Anayeutazama kwa makini anaona macho ya Hancock yakitazama pembeni. Yanatazama kazi ya watunzi.

Na kazi hiyo ilifanywaje? Ofisi yao ya kwanza ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mboga katika mtaa wa Shepherd's Bush, London, pamoja na watunzi wenzao Spike Milligan na Eric Sykes, ambao waliungana nao kuanzisha kampuni yao wenyewe. Simpson alikaa kwenye taipureta. Galton alitembea huku na huko au alijinyoosha. Kanuni yao ilikuwa moja: hakuna neno lililopigwa chapa mpaka wote wawili wamelikubali. Siku nyingine walikaa kimya saa nyingi. Kwa namna hiyo walitunga michezo zaidi ya 100 ya Hancock kwa redio na zaidi ya 60 kwa televisheni, mbali na kazi nyingine. Anayedhani kichekesho huja chenyewe kama chafya na aihesabu hesabu hiyo upya. Ni kazi ya kwenda na kurudi kila siku, sawa na ya fundi cherehani.

Nilipolisoma jambo hilo la ukimya nilicheka peke yangu. Katika kikundi chetu cha kiwandani nami nilikuwa na mwenzangu, mpiga rangi, mtu wa maneno machache. Tulikuwa tukikaa nyuma ya stoo baada ya king'ora cha kutoka, mimi na daftari, yeye na kikombe cha chai ya rangi. Nikisoma mstari naye akiutazama ukuta, nilijua haufai. Mara moja tulitunga kichekesho cha wapangaji wawili wa nyumba moja ya Magomeni wanaogombania msumari mmoja wa kutundikia taa ya ukumbini. Tulikaa wiki tatu kwa ajili ya msumari huo. Kilipochezwa, ukumbi mzima ulisimama. Watu wakamzunguka mwigizaji wetu wakimtuza, naye alistahili kwa kuwa alikuwa na kipaji kikubwa. Mwenzangu alinigusa bega akasema, "Umesikia walipocheka? Palepale tulipopabishania." Hayo ndiyo yalikuwa malipo yetu, na kwa sisi tuliokuwa na mshahara wa kiwanda yalitosha. Kwa mtu anayeishi kwa utunzi hayatoshi.

Sasa nije kwenye sehemu ya maisha yao ninayoiona kuwa na mafunzo zaidi. Mwaka 1961 Hancock aliachana nao. Alitaka kujulikana ulimwenguni kwa njia ya filamu, akaikataa miswada waliyomtungia moja baada ya mwingine. Watunzi wakabaki bila nyota wao. Wengi wangedhani huo ndio mwisho wao, kwa kuwa nchi nzima iliamini kwamba kicheko kilikuwa cha Hancock. Lakini Tom Sloan, mkuu wa burudani katika televisheni ya BBC, aliwapa nafasi ya michezo kumi ya nusu saa, kila mmoja na kisa chake na waigizaji wake, watunge watakavyo. Walipofika wa nne mawazo yakawaishia. Katika kutania tu, likazuka wazo la watu wawili wanaopita mitaani na mkokoteni wa farasi wakinunua makorokoro na vyuma chakavu. Wakalipuuza. Baadaye, kwa kukosa jingine, wakalirudia.

Mchezo huo uliitwa The Offer, ukaonyeshwa mwezi Januari 1962. Albert Steptoe ni mjane mzee, mchafu na mjanja. Mwanawe Harold anaukaribia umri wa miaka 40, hana mke, na ana ndoto ya kuwa mtu mwenye elimu na heshima. Wana farasi mmoja, mkokoteni mmoja na ua uliojaa takataka za watu wengine. Siku hiyo Harold anatangaza kwamba amepata nafasi mahali pengine, anaondoka. Anapakia mali zake zote mkokotenini. Baba anamnyima farasi. Basi mwana anaushika mkokoteni mwenyewe, anavuta, anavuta tena, nao hausogei hata inchi moja. Mwishowe anaangua kilio. Baba, kwa sauti ya upole, anamwambia ataondoka siku nyingine, anamwingiza ndani anywe chai.

Hapo pana kichekesho? Ndiyo, na pana msiba. Wale watunzi walikuwa wamewachagua Wilfrid Brambell na Harry H. Corbett, waigizaji wa michezo ya kawaida na si wachekeshaji, na Corbett alipofika mahali pale alitoa machozi ya kweli. Galton na Simpson waliona kwamba mtu aliyezoea kuigiza maisha hasubiri kuchekwa. Anasema maneno kama yalivyo, na kicheko kinakuja chenyewe. Sloan naye aliona kwamba huo haukuwa mchezo wa siku moja. Steptoe and Son ukaendelea kuanzia mwaka 1962 hadi 1965, ukarudi tena kuanzia 1970 hadi 1974. Filamu mbili zilitengenezwa kutokana nao, mwaka 1972 na 1973.

Katika mchezo mmoja wa mwaka 1972 baba na mwana wanagombana hata Harold anaijengea nyumba ukuta katikati, kila mtu na upande wake, na televisheni yenyewe inagawanywa na ukuta huo: mmoja anaona nusu hii, mwingine nusu ile. Wasomaji wangu wanaoishi katika vyumba viwili pamoja na wazazi, wakwe na watoto hawahitaji kufasiriwa. Sisi hatujengi ukuta, tunatundika pazia.

Katika miaka yake ya kwanza mchezo huo ulitazamwa na watu zaidi ya milioni 20 nchini Uingereza. Kiasi cha nguvu zake kilionekana katika siasa. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 15 Oktoba 1964, Steptoe and Son ulipangwa kuonyeshwa saa mbili usiku, na vituo vya kura vilikuwa vifungwe saa tatu. Harold Wilson, kiongozi wa Chama cha Labour, alihofu kwamba wafanyakazi, ambao ndio nguvu ya chama chake, wangebaki nyumbani kutazama wauza vyuma chakavu badala ya kwenda kupiga kura. Alimwendea mkurugenzi mkuu wa BBC, na mchezo ukasogezwa hadi saa tatu. Labour ilishinda kwa tofauti ya viti vinne tu bungeni. Sidai kwamba mkokoteni wa Steptoe ndio uliobeba ushindi huo. Nasema tu kwamba kiongozi wa chama aliyajua maneno ya watunzi wawili kuwa yana uwezo wa kuwazuia watu vitini mwao.

Liko jambo moja zaidi, nalo halimo katika mchezo bali katika karatasi za mikataba. Ofisi ile ya juu ya duka la mboga ilipohitaji karani, Simpson alimkumbuka msichana aliyesoma naye shule, Beryl Vertue. Alikuja kupiga chapa na kupanga majalada, akaishia kuwa wakala wao. Huyu mama ndiye aliyeshika jambo ambalo watunzi wengi hawakulifikiria: mtunzi anapoiuzia televisheni mchezo, hauzi kila kitu. Wahusika ni wake, mpango wa kisa ni wake, na nchi nyingine ikitaka kuutengeneza upya kwa lugha yake, hapana budi imlipe. Hivyo Steptoe and Son ukatengenezwa upya Uholanzi, ukatengenezwa Sweden, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1977 ukachezwa Marekani kwa jina la Sanford and Son, baba na mwana wakiwa Wamarekani Weusi wa mtaa wa Watts, Los Angeles. Redd Foxx aliyeigiza baba akawa mtu mashuhuri mno. Na katika kila nchi sehemu ya mapato ilirudi kwa wale vijana wa kifua kikuu, kwa kuwa karani wao alikuwa anasoma mikataba mpaka mstari wa mwisho.

Habari hizo za mikataba ndizo nilizozihitaji mwaka huu, pale binti wa dada yangu, karani wa hesabu katika ofisi moja mjini, alipoombwa atunge kichekesho cha televisheni cha vipindi 26. Dada yangu aliita kikao cha familia. Alikuwa na hofu ya mzazi, na hofu yake ilikuwa na msingi.

"Ofisini kuna mshahara na kuna pensheni," alisema. "Vichekesho vina nini? Kaka, wewe ulitunga miaka minane. Umejenga nini?"

Nilimjibu kwamba sikujenga kitu, kwa kuwa sikuwahi kuuza kitu. Kisha nikamwomba binti anionyeshe mkataba. Ulikuwa wa kurasa mbili. Malipo ya kila kipindi yalionekana mazuri. Lakini ukurasa wa pili ulisema kwamba mtunzi anatoa haki zake zote, katika nchi zote, kwa wakati wote, na kuhusu jina lake ulisema litaonyeshwa "iwapo nafasi itaruhusu".

"Mjomba, wote wanatia saini hivyohivyo," binti alisema. "Nikikataa watampa mwingine."

Nilimwambia hilo linawezekana, nisimdanganye. Ndipo nilipowasimulia, yeye na mama yake, habari za Galton na Simpson, na nikampa mashauri matatu. La kwanza, asiache kazi ya hesabu kwa ajili ya ahadi. Atunge vipindi vitatu usiku na Jumapili, aone kama vya nne na cha tano vinakuja. Vipindi 26 ni mzigo mkubwa, na mwenye kukimbia sana mwanzoni huishiwa pumzi njiani. La pili, atafute mwenzake wa kutunga naye, atakayekuwa na ujasiri wa kuutazama ukuta pindi mstari usipofaa. La tatu, arudishe mkataba ukiwa na marekebisho mawili: jina lake lionyeshwe katika kila kipindi, na mchezo ukiuzwa kwingine apate fungu lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya nchi yetu inamtambua mtunzi na haki yake ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Anayeidai haombi hisani.

Dada yangu alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: hicho kichekesho chenyewe kinahusu nini? Binti akainamisha uso. Kinamhusu mama mjane na binti yake mtu mzima, wanaogombana kila asubuhi juu ya nani aamke kuwasha jiko. Tulicheka wote, na dada yangu alicheka kupita sisi, ingawa alijitahidi kukasirika. Siku ile aliukubali mpango wa kutunga usiku. Marekebisho yakapelekwa. Jina limekubaliwa; fungu bado linajadiliwa ninapoandika haya, na sijui litaishia wapi.

Nimetafakari pia hali yetu wenyewe. Hapa Afrika Mashariki tumebahatika kuwa na wachekeshaji wakubwa. Tulisikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Vitimbi na Mzee Ojwang wao, aliyefariki mwaka 2015. Nasi tukawazika Mzee Small mwaka 2014 na King Majuto mwaka 2018, na nchi ikahuzunika. Kwetu wachekeshaji wengi wana kipawa cha kubuni maneno papo hapo jukwaani, nacho ni urithi wa kujivunia. Lakini tangu televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 mahitaji yameongezeka. Kipindi cha kila wiki hula maneno kama moto ulavyo kuni. Mwigizaji anayelazimishwa kubuni peke yake kila wiki hatimaye hurudia yaleyale: kuanguka, kupiga kelele, kumdhihaki mlemavu au mtu wa kabila fulani. Hapo mtunzi anahitajika, na hawezi kupatikana iwapo kazi yake haina jina wala fungu.

Galton na Simpson walitunukiwa nishani ya taifa lao mwaka 2000, na mwaka 2016 wakapewa heshima ya juu ya taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza. Simpson alifariki mwezi Februari 2017, akiwa na umri wa miaka 87. Galton alimfuata mwezi Oktoba 2018, akiwa na miaka 88. Wagonjwa wawili ambao hawakutarajiwa kuufikia utu uzima waliishi zaidi ya miaka 65 baada ya kutoka hospitali, na muda mwingi wa maisha hayo waliyatazama maisha ya watu wadogo bila kuwadharau. Harold Steptoe hakuchekwa kwa kuwa ni maskini. Alichekwa kwa kuwa alitaka kuondoka akashindwa, na kila aliyemtazama alikuwa na mkokoteni wake.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, kijana wenu akiwaambia kwamba anataka kutunga vichekesho, msimfukuze na msimpigie vigelegele. Mwulizeni anamsikiliza nani, anatunga na nani, na nani amesoma mkataba wake. Na sisi watazamaji, kipindi kinapokwisha na majina yanapoanza kupanda, tuwazuie watoto wasibadilishe stesheni kabla halijapita jina la mtunzi. Na tukikuta halikuandikwa, tuuandikie uongozi wa stesheni hiyo barua.